Shavu la Siku ya Komunyo

Enzi zetu pale Lipangalala, jino halikuwa na adabu. Lilingoja sikukuu ikaribie ndipo liume. Langu lilinianza wiki ya Komunyo ya kwanza, baada ya mafundisho ya mwaka mzima, na katekista alikuwa ameshatuambia wazi: asiyepokea Jumapili hii, atangoja wenzake wa mwakani. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani. Nililitazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limeshaanza kufichwa na shavu.

Shangazi, aliyekuja kutoka Malinyi kwa ajili ya sherehe, ndiye aliyeniwahi. Alikaanga pumba za mpunga, akazifunga kwenye kipande cha kanga, akanikanda nazo zikiwa za moto. Kwetu pumba za moto zilituliza mgongo, goti, hata nyonga za wazee, kwa nini jino lishindikane? Harufu yake nzuri naikumbuka hadi leo. Ila kufika jioni, shavu lilikuwa andazi na mdomo haufunguki. Nililia sana, na si kwa maumivu tu.

Mama alirudi kutoka shambani, akanitazama, akasema, "Wifi, asante kwa kuhangaika, lakini moto unalichochea."

Akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akanikandamiza taratibu, anatoa, anachovya tena. Akanipa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. "Sukutua, tema, usimeze." Nikalala kichwa kimeinuka, nimeegemea kiroba cha mpunga. Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua kidogo, naye akanipakia kwenye baiskeli.

"Haya ya nyumbani ni ya kukushikiza tu, mwanangu," alisema akikanyaga pedeli. "Jino lenyewe ni la hospitali." Likang'olewa siku hiyohiyo.

Jumapili mdomo ulifunguka, nikapokea. Uvimbe ulikuwa haujaisha, na mpiga picha akataka nigeuke aufiche. Mama akagoma.

"Mpige hivyohivyo. Siku yake ni leo."

Siku hizi binti yangu akitokwa na chunusi moja anajipiga picha mpaka simu inajaa, kisha anazifuta zote. Mimi ninayo hiyo moja. Nimevimba, natabasamu upande mmoja, na pembeni umeingia mkono ulioshika kitambaa kilicholowa. Mama hakupenda kupigwa picha. Sasa hayupo, na katika picha zote za nyumbani kwetu, alipo ni hapo tu.