Kitana cha Wasaksoni

Hakuna kugusa. Mlinzi wa makumbusho aliwanong'oneza watoto wote sheria hiyo, huku akipapasa funguo zake kiunoni. Jumamosi moja mwaka 1973, Gurmit, mtoto wa Kalasinga aliyehamia Birmingham kutoka Kisumu, alipiga miayo mbele ya kitana cha mfupa cha Wasaksoni, Waingereza wa kale, akachomoa cha kwake nyweleni.

"Changu kizuri zaidi, anko."

Mlinzi, Kalasinga mwenzake, aliuma masharubu. "Hiki kimetoa chawa kwenye ndevu za wafalme."

"Muongo wewe. Wafalme gani?"

Mlinzi akachungulia mlangoni, akafungua kabati la kioo, akamkabidhi kitana na kuinamisha ndevu zake. "Chana, nitakutajia."

Alipomtaja mfalme wa nne, jino la kitana likavunjika. Gurmit akauliza wa tano.

Jumatatu mlinzi alinyang'anywa funguo, akapelekwa kulinda makoti ya wageni.