Kwa Virgule, Tunanyamaza

Enzi zetu pale Musienene, virgule, kile kialama cha mukato, haikuwa pambo la karatasi. Ninyi tuliokua pamoja munakumbuka: shule ya mbao, bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, harufu ya maharage mabichi nyuma ya dirisha, na batoto wote wanasoma kwa sauti moja mpaka koo zinauma. Mimi sikusoma sana. Duka langu la misumari hapa Butembo nimelijenga kwa mikono hii, hapana kwa diplome. Lakini virgule naijua kuliko hawa vijana wanaoandika kwenye telefoni bila kupumua, kama wamefukuzwa na mbwa.

Ilikuwa vita. Leo jeshi hili, kesho lingine, wote wanaimba kwa Kilingala barabarani. Camion, lori lao, ikisimama mbele ya shule, wavulana wakubwa wanapakiwa kupelekwa vitani. Na kaka yangu Paluku alikuwa mukubwa kuliko benchi yake. Alichelewa kuanza shule. Ndevu zilikuwa zinachungulia, sauti kama ya ng'ombe. Kila asubuhi mama alitufungia viazi kwenye jani la ndizi, akasema: "Musome, mais lakini murudi. Wote wawili."

Mwalimu wetu, Madame Masika, mwanamke mufupi mwenye koti la mume wake, aliona hatari: tukisoma kwa kelele, hatusikii camion barabarani. Tukisoma kimya, directeur wa shule anakuja kuuliza kama tumelala. Basi akatafuta njia. Kila sentensi ubaoni akaianza na kitu kidogo: Asubuhi, Kule sokoni, Baada ya mvua, kisha virgule nene ya chaki.

"Pale munanyamaza mpaka nigonge fimbo. Hapana kupumua tu. Musikilize."

"Asubuhi," tunapaza sauti. Kimya. Kuku. Upepo kwenye mikalitusi. Moyo wangu. Fimbo: to! "Mama anapanda maharage!"

Paluku peke yake aliruka virgule kama camion isiyo na freins, breki zimekatika.

"Paluku! Unaziba masikio ya wenzako!"

"Madame, pumzi yangu ni ndefu."

Kalasa nzima ikacheka. Mimi hapana. Nilihamia benchi yake, nikawa ninamufinya paja kila virgule. Hata nyumbani, tukichunga mbuzi, nilimusomesha: "Kule sokoni," nasema, halafu namufinya. Alinitukana sana, mais alianza kusimama kwenye virgule.

Siku moja tulisoma, "Baada ya mvua," tukanyamaza. Fimbo ikagonga. Wote tukaendelea, isipokuwa Paluku. Alibaki mdomo wazi, shingo imegeukia barabara.

"Munyamaze," akasema. "Camion."

Madame hakuuliza mara mbili. Alionyesha dirisha la nyuma. Tukatambaa katikati ya maharage mpaka kwenye mikalitusi, matope mdomoni, na Madame nyuma yetu, chaki bado mukononi. Kutoka kule tuliwaona askari wanaingia, wanatoka mikono mitupu. Mmoja alitupa benchi ya Paluku nje.

Jioni mama alitushika vichwa, cha kwanza, cha pili. Shule ilifungwa. Mimi nikaenda kuuza misumari.

Leo Paluku ni mukulima, ana tumbo. Akinipigia simu anasema, "Kaka," halafu kimya, mpaka wateja wangu wanafikiri réseau imekatika. Mimi pia nanyamaza naye. "Papa, umelala?" wananichekelea. Wacheke. Batoto wa siku hizi wana dirisha la kioo na kalamu za rangi, na virgule wanaimeza kama karanga. Nafurahi, maana hawajafundishwa na woga. Mais roho yangu haitulii.

Binti yangu mudogo anasoma mezani, mbio mbio. Nagonga meza.

"Papa, hii virgule ni ya nini?"

"Ya kupumua, mama."

Anarudia: "Asubuhi," na anasimama kwenye virgule. Natega sikio barabarani. Pikipiki tu, na jirani anayekata bati. Nangoja kidogo tena.

To! "Endelea."