Kizito cha Kubana Mkeka

Mama mdogo, yule anayemfuata mama yangu, ni mkutubi, na kazini kwake wanamwita Mama Brashi. Jina hilo kalipata kwa haki. Maktaba yake iko mwendo wa saa moja kwa gari kutoka ufukweni, na likizo ya msimu wa joto ikifika nusu ya mji huazima vitabu vya kwenda kusomea mchangani. Vikirudi, yeye huketi nyuma ya dawati na brashi laini ya rangi, akafungua kila kitabu, akafagia mchanga uliojibana kwenye mshono. Miaka ishirini na mbili ya kufagia imemfundisha kumjua msomaji kwa mchanga wake. Ukiishia ukurasa wa thelathini, basi na msomaji aliishia hapo, hata akikuapia kwamba mwishoni alilia machozi.

"Umesoma?" huwauliza wote, huku kitabu tayari kiko wazi mikononi mwake.

Daktari mmoja wa meno aliwahi kumjibu kwamba amesoma chote na kimemgusa sana. Mama mdogo akamwonyesha ukurasa wa kumi na mbili, msafi kama ulivyotoka kiwandani, na kurasa zote zilizofuata. Daktari akakiazima upya, shingo upande.

Vitabu vyetu vya likizo anatuchagulia yeye. Tunakwenda wiki nzima, familia yote, kwenye nyumba ya vyumba viwili ya rafiki yake baba. Usafiri wetu ni gari la kusambazia mikate analoendesha baba, kwa hiyo tunafika tunanukia mkate na mbwa wa jirani wanatupenda kupita kiasi. Kanuni ya mama mdogo ni kwamba kila mtu apate viwili, chepesi na kizito. Kizito ni cha asubuhi, kabla watu hawajaanza kupiga kelele. Chepesi ni cha mchana, jua likiwa la utosi na akili imeshalala. Baba hupewa chepesi cha upelelezi na kizito cha historia ya reli. Cha upelelezi hukisoma mara mbili, cha reli hukifanya mto. Mimi nauza viatu, mwaka mzima nasikiliza watu wakilalamikia miguu yao, nikifika baharini nataka mapenzi na harusi mwishoni. Mama mdogo hunipa, pamoja na kizito ambacho nakimaliza kwa kumwogopa yeye na brashi yake.

Mama peke yake alikuwa akipewa kimoja, na siku zote kilikuwa chepesi.

Mama ni fundi cherehani. Kusoma anajua vizuri kabisa. Husoma vipimo, barua, maelezo ya mashine mpya, hata magazeti kabla hajayakata kuwa violezo vya nguo. Lakini mtajie kitabu, naye atakujibu maneno yaleyale: "Mimi sikusoma, mwulize mdogo wangu." Kusoma kwetu ni kukaa darasani na ni kupitisha macho kwenye maandishi, na mama alivifunga vyote viwili fundo moja. Alitolewa shuleni darasa la tano ili amuuguze bibi, mdogo wake akaendelea. Sare ya kwanza ya sekondari ya mama mdogo aliishona yeye, kwa mkono, akiwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo waligawana dunia, mmoja akawa aliyesoma na mwingine akawa anayeshona. Mama hana kinyongo hata kidogo. Mwenye kidonda ni mama mdogo.

Aliniambia mwenyewe, tukipanga vitabu kwenye kapu, mwaka huu, ambao ni wa mwisho kwake kabla ya kustaafu.

"Nimewapa vitabu watu sijui elfu ngapi," alisema. "Dada yangu hajamaliza hata kimoja. Kila mwaka kinarudi hakina chembe ya mchanga. Yeye ndiye aliyeniacha nisome, halafu mimi nimeshindwa kumpa hata hadithi moja."

Nilikuwa na mzaha mdomoni kuhusu daktari wa meno. Nikamtazama machoni, nikaumeza.

Hapohapo mama akachungulia mlangoni, mdomo umejaa pini, kwa sababu hata siku ya safari kuna mteja asiyeweza kungoja. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake.

"Mwaka huu nipe kizito," alimwambia mdogo wake.

Mama mdogo akasimama na kitabu hewani. "Kizito, dada?"

"Kizito haswa. Vile vyepesi vyako havinisaidii kitu."

Mama akarudi kwenye cherehani yake. Mama mdogo alivaa viatu, akaenda maktaba kwa miguu, akarudi anahema, amekumbatia riwaya ya kurasa mia sita yenye jalada gumu, ile ambayo huwapa watu anaowaheshimu tu. Ni habari za mwanamke anayefika kwenye mji mgeni baada ya vita, anasema ni fundi wa makoti, na familia moja inampokea. Aliifunga kwa karatasi kama zawadi. Njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake katikati ya makreti ya mikate.

Asubuhi ya kwanza ufukweni mama alitandika mkeka. Upepo ukanyanyua pembe moja, kama ilivyo kawaida yake. Mama akafungua ile karatasi, akakipima kitabu kwa viganja viwili, akakiweka juu ya pembe ya mkeka. Mkeka ukatulia tuli.

"Haya sasa," alisema, akijinyoosha. "Mwaka jana kile chembamba kilipeperuka na mkeka wake. Ahsante, mdogo wangu."

Mama mdogo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, na sijuti sana. Baba aliuliza kuna nini, akaambiwa alale, akalala juu ya reli zake.

Siku mbili kile kitabu kilikaa palepale kikibana mkeka, na siku mbili mama mdogo alipita mbali nacho, kama mtu aliyekorofishana na jirani. Siku ya tatu upepo ulivuma kwa hasira, ukafunua jalada, ukapekua kurasa kwa mkupuo. Mama aliinama kukifunga. Mkono ukabaki juu ya ukurasa. Akasonya.

"Nani huyu aliyeandika?"

"Kwa nini, dada?" mama mdogo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anasema huyu mwanamke katia mikono ya koti, halafu ndiyo akaunga mabega. Mikono unaitia wapi kama mabega hayapo?"

Mama mdogo akafungua kinywa. Nilimjua, angeanza kueleza habari za mwandishi, za vita na za tuzo, na mama angesema "mimi sikusoma" na kurudi kwenye chai yake. Nikamfinya paja. Akafunga kinywa.

"Ngoja nione kajifunzia wapi upuuzi huu," mama alisema. Akakinyanyua kitabu, akaweka kandambili za baba juu ya mkeka mahali pake, akaanza ukurasa wa kwanza.

Alisoma kwa hasira. Kila alipokuta kosa la ushonaji alisonya, akachomoa pini kwenye ukosi na kuichomeka ukingoni mwa ukurasa. Mtu mwingine angetoboa karatasi ya maktaba angefungiwa kadi yake mpaka kiama, lakini Mama Brashi aliziacha pini zile ziongezeke. Mama alisahau kutia sukari kwenye chai. Alisahau kutuuliza kama tumekula. Siku ya nne alihama na kivuli cha mwavuli, kitabu mkononi, bila kuinua macho. Siku ya kurudi alikuwa bado amebakiza kurasa mia, akapanda garini na mchanga wake mikononi na kwenye gauni, akamwamuru baba aendeshe polepole, na baba, ambaye mikate imemzoesha kukimbizana na alfajiri, aliendesha kama amebeba mayai.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Mama yangu nilimzoea akiwa ameinamia kitambaa cha mtu mwingine.

Juma lililofuata nilikwenda maktaba kurudisha harusi zangu, na mama akasema tufuatane. Hakuwa ameingia humo hata siku moja, ingawa mapazia ya madirisha yote aliyashona yeye. Foleni ilikuwa ndefu. Mama mdogo alikuwa anapokea kitabu, anauliza, anafagia, anapokea kingine, kichwa chini. Zamu ya mama ilipofika, swali likamtoka kwa mazoea.

"Umesoma?"

Akainua macho, akamwona ni dada yake, akabadilika uso. Jibu la swali hilo alikuwa amelisikia maisha yake yote.

"Nimesoma," mama alisema.

Akakiweka kitabu mezani. "Yule mwanamke hakuwa fundi. Hawasemi popote waziwazi, ila hakuwa fundi. Alidanganya tangu siku ya kwanza apate mahali pa kulala. Mwandishi anajua anachokifanya, yale makosa ameyaweka makusudi. Yako saba, nimeyatia pini. Na wale waliompokea wamevaa makoti yale miaka yote, wanajua, hawasemi."

Mama mdogo akafungua kwenye pini ya kwanza, akasoma. Akaenda ya pili, ya tatu. Watu wa foleni wakaanza kukohoa.

"Kitabu hiki nimekisoma mara tatu," alisema hatimaye. "Sikuona hata kosa moja."

"Utaonea wapi?" mama akamjibu, na uso wake ulikuwa umejaa raha. "Wewe hukusoma."

Mama mdogo alicheka, halafu akachukua brashi haraka, akainamisha uso. Mchanga ulikuwa kila mahali. Ulimwagika ukurasa wa kumi, wa mia mbili, wa mia nne na hamsini, na alipofika wa mwisho kabisa ukamwagika na hapo, mwembamba, juu ya dawati. Hakuufagia. Aliuacha ukae.

"Nipe kizito kingine," mama alisema.

"Cha kubana mkeka?"

"Mkeka nimeuacha nyumbani."