Safu ya Nyuma, Karibu na Mlango

Nakumbuka asubuhi ya Idi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia takbiri huinamisha uso. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani hapa Malindi, nina duka la mlango mmoja na majivuno ya maduka kumi. Kanzu zangu zilikuwa zimeanza kujulikana. Mtu akinisifia mshono, badala ya kushiba nilikuwa naona njaa ya kusifiwa tena. Nakwambia haya mapema ili usije ukadhani nakupa nasaha kwa sababu nilikuwa mwema tangu zamani.

Baba yangu, Mwalimu Sudi, alisomesha watu Kurani miaka mingi, kisha akawa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Watu walipanga siku yao kwa sauti yake. Basi mwaka huo, kiasi cha miezi mitano kabla ya Idi, aliacha kuadhini, na baadaye akaacha hata kwenda msikitini. Akawa anasali chumbani. Nikimuuliza hunijibu, "Sijiwezi, mwanangu," na hapo maneno yakaisha. Barazani watu wakaanza kunong'ona kwamba Mwalimu amelegea katika dini uzeeni. Nami badala ya kumuuliza vizuri, nikaanza kumwonea haya.

Dalili zilikuwapo. Aliacha kukaa barazani na wenzake. Harusini alipewa sahani ya pilau, akaishika kidogo kisha akairudisha vile vile. Godoro alilitoa, akawa analala juu ya kitanda cha kamba na mkeka mkuukuu. Mama alikuwa akifua kila siku, na nguo hizo hakuzianika uani. Alizianika ndani, nyuma ya pazia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilipomuuliza aliniambia baba tumbo lamsumbua kidogo, lamwendesha, naye anamtibu kwa uji wa ndizi mbichi na majani ya mpera, na maji anampa kidogo sana ili tumbo likauke. Niliridhika na jibu hilo, maana halikunidai nifanye lolote.

Idi ilipokaribia nilimshonea kanzu ya melimeli, kitambaa laini, nyeupe pe, shingo nimeidarizi kwa mkono wiki mbili nzima. Niliazimia aivae na asimame safu ya kwanza nyuma ya imamu, watu waone kuwa Mwalimu amerudi. Na mshono wauone pia. Asubuhi ile aliniambia, "Niache nisali nyumbani." Nikakataa. Akaniambia tena, "Mwanangu, leo usinitoe." Mama akanishika mkono. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia baba yangu mzazi, "Watu wasema umeiacha dini." Alinitazama kidogo, halafu akainuka akavaa.

Msikiti ulikuwa umejaa mpaka nje. Tulisimama mbele, bega kwa bega. Katika sijida ya mwisho nilisikia harufu, na tulipoinuka kukaa nikaona kanzu niliyoishona imeloa nyuma, imechafuka. Baba alikuwa ameinamisha macho. Imamu akatoa salamu. Waliokuwa karibu wakaanza kusogea kimyakimya, mmoja akajiziba pua kwa leso. Nami, mwanangu, nilisogea pamoja nao. Nilijidai nampisha mzee mmoja apate mahali pa kusikiliza hotuba, nikatokea mlango wa kando, nikavaa viatu nikaenda zangu. Nyumba ya tatu kutoka hapo nilikaribishwa halua na kahawa. Nikakaa, nikala. Ladha ya halua ile sijaisahau.

Aliyemwendea baba ni Mzee Kombe, Mgiriama wa kutoka Gongoni aliyesilimu akiwa mtu mzima, kazi yake ilikuwa kufagia msikiti na kujaza maji birikani. Alivua shuka yake ya begani akamfunga baba kiunoni, akamtoa polepole kama anayemsindikiza mgeni wa heshima, akamwosha kwa ndoo nyuma ya msikiti, kisha akampitisha vichochoroni hadi nyumbani. Alipomaliza akaja kunitafuta, akanikuta na kikombe mkononi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliniita kando, asije akanifedhehesha mbele ya wenye nyumba. Sitara niliyomnyima baba, yeye alinipa mimi.

"Kanzu ile ulimshonea nani?" akaniuliza. "Babako, au wateja wako?"

Nikainamia kikombe changu.

"Mimi mamangu alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Tulimtenga kijumba cha nyuma, tukasema ni uzee. Hakuna aliyempeleka hospitali mpaka akafa. Hujafa hujaumbika, kijana. Jumatatu nitakuja, twende naye sote."

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba amegeukia ukutani. Kanzu mama alikwisha iloweka. Siku ile hakula, na siku ya pili hakula, hata maji alikataa. Mama alipombembeleza alisema, "Nisipokula, hakitoki kitu. Nyumba hii nitatoka kwa jeneza." Midomo ikaanza kumpasuka. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu, kuogopa kweli. Niliona kwamba baba yangu ameamua kufa kuliko kuchafuka tena mbele ya watu, na kwamba aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nikakaa chini pembeni ya kitanda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini yote yalinikimbia. Nikamwambia tu, "Baba, nilikuona. Nilikuona nikaondoka."

Alivuta shuka mpaka begani. Kisha akasema, bado ameutazama ukuta, "Najua. Nilikutafuta."

Nililia kama mtoto. Hakunigeukia, wala sikustahili.

Jumatatu Mzee Kombe alikuja kama alivyosema. Mimi nilikwisha jaribu kila njia na baba amekataa kuinuka. Alisema hatakwenda kuvuliwa nguo mbele ya watoto wa watu. Mzee Kombe akakaa kitandani akamshika mguu. "Mwalimu," akamwambia, "mimi nilikuja kwako na mvi zangu, nikakaa na watoto wa miaka saba, ukanifundisha Fatiha neno kwa neno. Waliponicheka uliniambia asiyejua haoni haya kuuliza. Mbona leo wewe waona haya?" Baba akageuka. Akamtazama mwanafunzi wake. Akaomba maji, akanywa, akatuambia tumsaidie kusimama.

Hospitalini alimpima daktari kijana, pazia limefungwa, kwa adabu ambayo sikuitarajia. Alimuuliza mambo ambayo mimi mwanawe sikuwahi kumuuliza: ilianza lini, choo kikoje, kinakuja bila habari au anakihisi akashindwa kukizuia, anakunywa dawa gani. Kisha akatuita mimi na mama, akasema, "Mzee haharishi. Mzee amefunga choo."

Tulimtazama kama aliyetukana. Akatufafanulia. Choo kigumu kilikuwa kimejikusanya ndani siku nyingi na kuziba njia, na kile cha majimaji kilikuwa kikipenya pembeni na kutoka chenyewe, kama mfereji wa uani ukizibwa na taka, maji hutafuta pa kupita. Vidonge vikali vya maumivu ya mgongo, alivyokuwa akinywa tangu mwaka uliotangulia, vilisaidia kumfunga. Na sisi nyumbani, kwa ndizi mbichi na majani ya mpera na kumnyima maji, tulikuwa tunaziba kilichokwisha ziba. Mama alijifunika uso kwa leso akalia. Daktari akamwambia, "Usilie, mama. Wengi hufanya hivyo. Ungeuliza tu."

Walimpa dawa ya kufungua, na zile za mgongo wakambadilishia. Ilichukua siku kadhaa, na kazi ya siku hizo niliifanya mimi. Nilimwosha baba yangu kwa mikono hii. Mara ya kwanza alifumba macho, nami nikafumba yangu, tukachafuana sote wawili. Mara ya tatu tulikuwa tunazungumza habari za bei ya samaki. Nilifundishwa kumsafisha kwa maji matupu bila kumsugua, kumkausha polepole na kumpaka mafuta ili ngozi isichubuke. Kila asubuhi baada ya chai alikwenda chooni, awe na haja asiwe nayo, akaketi bila haraka, miguu juu ya kibao cha mbuzi cha mama cha kukunia nazi, maana aliambiwa magoti yakipanda juu choo hushuka kwa urahisi. Alikula mapapai na mchicha, akanywa maji mpaka akalalamika kwamba twataka kumfanya birika. Alifundishwa pia kubana na kulegeza misuli ya nyuma, kama mtu anayezuia upepo, mara kadhaa kwa siku. Mama akimwona kakaa kimya sana, hucheka akamuuliza, "Wabana, Mwalimu?"

Sikudanganyi kwamba alipona kabisa. Uzee una mambo yake, na misuli ikilegea hairudi yote. Lakini badala ya kila siku, ikawa mara moja kwa wiki mbili, tena kidogo. Kwa hilo kidogo nilikaa kwenye cherehani yangu nikamshonea suruali za ndani zenye kitambaa kizito cha kutoa na kutia, nikazijaribu, nikazifumua, nikazishona upya. Hakuna kazi niliyoishona kwa makini namna ile, na hakuna mteja aliyeiona.

Lililobaki ni msikiti. Baba aliamini udhu wake haushiki tena na kwa hiyo msikiti si wake. Nilikwenda kumuuliza sheikh wa mtaa. Akanijibu kwamba dini haimkalifishi mtu asiloliweza: mwenye udhuru hujisafisha, akavaa cha kumzuia, akatawadha wakati wa sala ukiingia, akasali, na msikitini huingia maadamu hapachafui. Akaniuliza kwa nini hatukuja kumuuliza miezi yote hiyo. Ni jambo lile lile alilolisema daktari, kwa maneno mengine.

Siku aliyorudi baba ilikuwa siku ya kawaida, sala ya alasiri. Alivaa kanzu ya rangi ya jivu niliyomshonea bila darizi. Alisimama safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, ili akihisi haja asipite mbele ya watu. Wateja wangu wawili wakanipungia mkono niende mbele walikonipa nafasi. Nikasimama kando ya baba. Aliangalia mbele kana kwamba hakuniona, kisha akanong'ona, "Mbona huendi mbele wakaione kanzu yako?"

Nikamtazama. Alikuwa anacheka, mwanangu, kicheko kidogo cha pembeni ya mdomo. Tangu Idi sikuwa nimekiona. Nikajua amenisamehe, kwa sababu baba yangu hakuwa akimtania mtu aliyemkasirikia. Aliishi miaka minne mingine, na kila tuliposali pamoja tulisali pale.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kushindwa kuzuia choo ni maradhi kama maradhi mengine, si uchafu wa mtu wala ulegevu wa imani. Huwapata wazee, na huwapata wanawake vijana waliozaa kwa taabu, na wenye kisukari, na walioumia mgongo, na waliofanyiwa upasuaji. Mara nyingine, kama kwa baba yangu, ni kinyume cha kile unachokidhania, na dawa unayompa ndiyo inayomzidishia. Kwa hiyo usimnyime mtu chakula wala maji ukadhani wamtibu. Mpeleke apimwe. Na ukiona damu, au mtu akonda bila sababu, au jambo limekuja ghafla na miguu yafa ganzi, usingoje Jumatatu kama nilivyongoja mimi.

Na ikiwa ni wewe uliyepatwa, sema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tafuta mtu mmoja umwambie, awe mkeo, mumeo, mwanao, au muuguzi usiyemjua. Ukimwona mtu wako amejitenga, harusi haendi, godoro kalitoa, nguo zaanikwa ndani, usimhesabie kiburi. Kaa naye chini umuulize polepole, na ukimuuliza uwe tayari kuosha.

Mimi sasa nimepita miaka sabini. Ukija msikitini ukanikuta safu ya nyuma karibu na mlango, usinivute mbele kwa heshima ya mvi. Zamani nilisimama pale kwa ajili ya baba. Siku hizi mlango ule nauhitaji mwenyewe, na suruali zile nimerudi kuzishona.

Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe mikono isiyoona kinyaa na moyo usiokimbia. Akujaalie uzee wenye sitara. Na siku utakapogeuza macho kumtafuta mwanao, akujaalie umkute bado ameketi ubavuni pako. Amin.