Masinia ya Somoe

Maji ya Mto Msimbazi yalipoingia Vingunguti, katikati ya Ramadhani, Somoe alipoteza kitanda, kabati na cherehani. Masufuria makubwa ya kikundi chake cha kupikia shughuli yalisalia, maana aliyafunga kamba mwenyewe kwenye mnazi. Jioni ile ile aliyabeba na wenzake hadi uwanja wa shule walikokimbilia watu, wakawasha moto, wakapika uji. Watu wakafuturu. Hakuna aliyemtuma.

Baadaye wakaja wafadhili wa nje, mashirika matatu, kila moja na fulana zake. Yote matatu yalileta ndoo, zikazidi mpaka watu wakawa wanazikalia. Ndipo walipokubaliana fedha zao ziwe fungu moja na jiko liwe moja. Somoe alifurahi, akijua unga na mafuta havitakatika tena. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Mudathir, ambaye siku ya maji hakuonekana, akaja kumweleza kwamba jiko amepewa mpishi wa mjini, aliyesoma.

"Wewe mama pumzika," alimwambia mbele za watu. "Tupe masufuria tu."

"Masufuria haya hayatoki bila wenyewe," alijibu Somoe. "Yamepika harusi yako na msiba wa baba yako, na mara zote tulikuja nayo sie."

Watu wakacheka. Hata hivyo jiko likachukuliwa.

Mpishi wa mjini alileta futari kwenye maboksi, boksi moja kwa kila aliyefurikiwa. Bi Mwajabu, ambaye nyumba yake ilibaki kavu na alikuwa amelaza familia mbili sebuleni, hakuhesabiwa. Adhana ikalia, wageni wake wakashika maboksi yao bila kuyafungua. Nani angekula huku mwenye nyumba anamtazama? Walifuturu kwa maji matupu.

Sania, binti wa Kihindi aliyesimamia lile fungu, aliyaona hayo. Akamfuata Somoe.

"Shikamoo mama. Hata kwetu nyumbani tunakula sinia moja. Nikiwaomba wafadhili wahesabu masinia badala ya vichwa, utapika?"

"Marahaba. Nitapika, ila moto tunawasha sie."

Wafadhili wakakubali, jiko likarudi kwa Somoe. Kesho yake mikeka ilitandikwa uwanja mzima, na Bi Mwajabu akakaa katikati ya wageni wake, akiwamegea mihogo ya nazi. Somoe aliwatazama akiwa ameshika mwiko.

Siku wakubwa wa mashirika walipokuja kupiga picha, Mudathir alisimama mbele akasoma majina ya waliofanikisha. La Somoe halikuwemo. Lilimchoma, na mpaka leo hajamsamehe. Lakini adhana ilipolia na Mudathir akawa anazunguka akitafuta pa kukaa, Somoe aliwasogeza watu, akamkalisha, akampa tende kwa mkono wake. Jiko lilikuwa lake, na hapo hakuna aliyefuturu amesimama.