Ukurasa Usiotoka Chumbani

Harufu ya dizeli ndiyo hunirudisha. Nikipita penye jenereta, popote pale, najikuta tena ndani ya chumba cha matofali ya kuchoma pembeni mwa kambi ya wakimbizi, kule Ngara, mvua ikipiga bati na kompyuta chache kuukuu zikiunguruma kama mashine za kusaga. Mwaka ule mama alikuwa ameolewa upya Runazi, nami nikaachwa kijijini Keza kwa bibi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage huku tukisikiliza moto. Watoto wenzangu walitoka shule na ndugu zao. Mimi nilirudi na kivuli changu. Iliposemekana kwamba kuna mafunzo ya kompyuta ya bure, kwa watoto wa kambini na wa vijijini pamoja, nilikwenda kutafuta watu zaidi kuliko elimu.

Mwalimu Onesmo, kijana wa Ngara mjini, alianza na ubao, kwa sababu mafuta ya jenereta hayakupatikana kila siku. Alituambia ukurasa wa mtandao ni maandishi ya kawaida tu yaliyozungushiwa alama ziitwazo tagi, moja ya kufungulia na nyingine ya kufungia. Ukisahau kufunga ile ya herufi nene, alisema, kompyuta haijui iishie wapi, na ukurasa mzima utageuka herufi nene. Niliketi na Nadine, msichana wa kambini, rika langu. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana kama ndugu; Kiswahili ndicho kilichotutaabisha, na kwake kila "l" iligeuka "r". Vidole vyake vilitafuta herufi taratibu, haba na haba. Sentensi yake ya kwanza ilipotokea kwenye kioo, alicheka akanishika mkono. Tangu mama aondoke hakuna aliyekuwa amenishika hivyo.

Wengine waliandika habari za mpira na kwaya. Nadine aliandika habari za kaka yake, Dieudonné, aliyepotezana nao njiani walipokuwa wakikimbia kutoka Burundi: majina ya wazazi, mlima walikotoka, kovu juu ya jicho. Jina la kaka aliliweka kwenye tagi ya kichwa cha habari ili liwe kubwa kuliko maneno mengine yote. Siku alipomaliza alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya darasani.

"Mwarimu, kaka yangu ataiona rini?"

Mwalimu alivuta kiti akaketi karibu naye. Akamweleza kwamba ukurasa ule unaishi ndani ya kompyuta ile tu. Ili mtu wa mbali auone, lazima uwekwe kwenye kompyuta nyingine isiyozimwa, iliyounganishwa na mtandao, inayoitwa seva. Na pale kambini mtandao haukuwapo. Nadine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo isiyozimwa iko wapi, na kama kuna basi linalofika huko.

Likizo ilipofika, mwalimu aliunakili ukurasa kwenye flopi, kisahani cha kuhifadhia mafaili, akaondoka nayo kwenda Mwanza ili auweke mtandaoni. Aliporudi, alisema flopi iligoma kufunguka. Labda vumbi, labda joto la basini. Hakupamba maneno. Nadine aliitikia kwa kichwa, akafungua faili lake na kukagua tagi moja moja, akidhani kosa ni lake. Zote zilikuwa zimefungwa vizuri.

Kabla mwalimu hajasafiri tena, yakaja malori ya kuwarudisha wakimbizi kwao. Asubuhi ile bibi alinisindikiza, akampa Nadine mahindi ya kuchemsha na kumwambia kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Nadine alininong'oneza kwa Kirundi.

"Usiufute. Kaka akija kutuulizia, umwonyeshe."

Baada ya hapo nilikaa kwenye benchi letu peke yangu. Tulifundishwa viungo, yaani maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka ukurasa mwingine, na kiungo changu cha kwanza nilikielekeza kwa Nadine. Nilikibonyeza nikaona jina la kaka yake limejaa kioo, nikarudi kwangu, nikabonyeza tena. Hakuna aliyekuja kuuliza. Kambi ilipofungwa, kompyuta zilipakiwa garini, na sikuambiwa zinapelekwa wapi.

Leo kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ninachoandika asubuhi husomwa mchana na watu nisiowajua. Hata Keza vijana wa bodaboda wana simu mfukoni. Mtoto akipotea Lusahunga, picha yake huvuka mikoa kabla jua halijakaza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulijitahidi kumfanya Dieudonné awepo, tukakosa njia tu. Sijui kama alipatikana. Nadine nimemtafuta mtandaoni. Wenye jina lake ni wengi, na baadhi niliowaandikia walinijibu kwa upole kwamba siye. Bado naangalia nyuso zao moja moja, nikimtafuta msichana ambaye sasa huenda ni mama wa watu, na ambaye hata nikimwona, sina hakika nitamtambua.