Ukuta wa Boila Uliopakwa Rangi

Kiwandani pale wanapofua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, walimwita Mama Mfumo. Kazi yake ilikuwa kuzibua mawasiliano ya makampuni: barua pepe zisizojibiwa, simu zinazoita mpaka zinachoka, zamu moja isiyojua nyingine imeacha nini. Maneno machache, macho mengi. Kwa kazi hiyo alilea watoto wawili peke yake.

Alikuwa na mazoea yake: siku ya kwanza kabisa anaua njia ya zamani, ubaki mfumo wake wa ujumbe wa simu tu. "Mtu ukimwachia mlango wa nyuma," alisema, "wa mbele hataugusa." Madaftari ya zamu akayafungia kabatini. Ukabaki ukuta wa chumba cha boila, umejaa chaki za miaka na miaka. Huo akauitia fundi wa rangi.

Mwenye boila alikuwa mzee mmoja, Babu Mvuke. Mchana huo, akimaliza zamu, alichora ukutani mistari miwili iliyokatana, mirefu kama mtu. Maana yake kila mtu aliijua: asiwashe mtu.

"Mzee, chaki tena?" Mama Mfumo akamuuliza.

"Vali ya usalama, ile ya kupunguza mvuke, imekwama, mwanangu. Nimezima. Wa zamu ijayo wakija, waone."

"Ukuta unapakwa rangi sasa hivi. Andika kwenye simu."

Babu akamwonyesha vidole, vimekakamaa kama tangawizi. "Hivi? Nikibonyeza herufi moja zinaingia tatu. Nitaandika vali, watasoma matusi."

Hata fundi wa rangi alicheka.

"Haya, kapumzike. Nitakuandikia mimi."

"Umesema?"

"Nimesema, mzee."

Hapo hapo simu ya Mama Mfumo ikaita: mitambo ya ofisi ya mkurugenzi imegoma. Akapanda ngazi mbio, akainamia nyaya karibu saa nzima. Huku chini brashi ikapita, ukuta ukawa mweupe pee.

Saa nane zamu mpya ikawasha. Bomba likapasuka. Dada wa pasi, aliyesimama karibu, akaungua uso na mikono yote miwili.

Kesho yake mkurugenzi akawaketisha Babu na Mama Mfumo ofisini.

"Mfumo ulipokea taarifa yoyote ya boila?"

Mama Mfumo akatazama meza. Mkataba wake wa viwanda vingine vitatu ulikuwa chini ya kiwiko cha mkurugenzi, haujasainiwa.

"Haukupokea," akasema. Ulikuwa ukweli.

"Mwambie basi, mwanangu," Babu akasema taratibu. "Mwambie na ulichoniahidi."

Mama Mfumo akaendelea kuutazama mkataba.

"Usimtwishe mama wa watu mzigo wako," mkurugenzi akasema. "Kazi huna, mzee. Na polisi wako getini."

Babu akainuka. Hakumlaani mtu. Aliuliza tu, "Yule binti, macho yake yanaona?"

Hakuna aliyejua.

Mama Mfumo akashuka chumba cha boila. Rangi bado ilinuka. Akatoa simu, akaandika: "Vali imekwama. Msiwashe. Babu alimwachia ujumbe huu mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi." Kidole kikasimama juu ya kitufe. Mfumo wake hutunza saa na jina la aliyetuma, na ujumbe ukishatoka haufutiki. Hilo ndilo alilojisifia kwa kila mteja.

Akaanza kufuta, herufi moja moja, kutokea mwisho. Neno "mimi" ndilo lililotangulia kwenda. Huko juu kwenye ngazi, mkurugenzi alikuwa akimwita aje asaini.